Nyumba Moja ya Kuonyesha

Mtaani Bofu watu waliamini kwamba Mwanarehema na wenzake wana chama cha kupokezana pesa, na hakukosekani mwanamke wa kumvuta kando pale sokoni amwombe aingizwe. Naye hujibu, "Kimejaa, mwanangu. Akitoka mtu, inshallah," akajiendea zake. Afadhali wadhani hivyo. Kazi yao ya kweli haikuwa ya kupigiwa mbiu.

Waliwauguza watu wa kitandani. Waliopooza, waliooza mgongo kwa kulala, wazee waliokwisha na saratani. Wale ambao hospitali imewarudisha nyumbani, na nyumbani hakuna ajuaye kumgeuza mtu mzima bila kumuumiza. Na nyumba hizo waliziingia kwa hila. Mwanarehema hutia mkobani udi na leso za kuuza, vikakaa juu. Chini zikalala glovu, bendeji na dawa ya vidonda. Gladys, mama wa Kigiriama mwenye mikono ya mchukuzi na mdomo wa pilipili, huingia na kapu la mchicha. Jirani akichungulia, aona mchuuzi. Kikundi wakakiita Sitara, na hakikuwa na kibao mlangoni. Ofisi ilikuwa chumba cha nyuma ya duka la Rashad, katibu wao, aliyekuwa zamani karani wa kutoa mizigo bandarini. Sharti lao lilikuwa moja: lililoonwa chumbani hubaki chumbani. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na wao walikuwa wakiwaosha walio hai.

Vifaa walipewa na watu wa ng'ambo, kupitia zahanati moja. Basi mwaka jana mfereji ukafungwa huko huko ng'ambo, pasi na kwaheri. Zikaisha dawa za maumivu, zikaisha nepi za watu wazima, na wagonjwa wakaanza kulia kwa namna ambayo hata redio ikifunguliwa kwa sauti haiwafichi.

Ndipo likasikika jambo la mfuko mmoja Nairobi unaotoa misaada kwa vikundi vidogo. Rashad akaandika barua kwa hati yake nzuri, nusu ya kwanza salamu na kuwatakia afya wahusika na aila zao, nusu ya pili dua. Haja yenyewe ilikaa katikati, imejikunja kama mgeni aliyekuja bila kualikwa. Haikujibiwa.

"Kuna kijana yuwakaa Mkomani," Rashad akasema walipokutana tena. Aliyasema akitazama kikombe chake, kwa kuwa si rahisi mtu kuleta mwenyewe habari za atakayemrithi. "Kazi yake ni hiyo, kuwaandikia mashirika maombi kwa wafadhili. Ati yuwaijua ladha yao."

"Maombi?" Gladys akacheka. "Pasta wetu atuombea bure."

"Mimi sina mzaha, Gladys."

"Wala mimi. Kimetubakia kisenti cha glovu tu. Tukampe mtu wa nje, hajamgeuza mgonjwa hata siku moja, atuandikie habari za kugeuza? Akikosa tutawaosha watu kwa mikono mitupu? Kwani barua yako ilikuwa na nini?"

"Ilikuwa na adabu," akasema Rashad. "Ndiyo iliyoiponza."

Mwanarehema aliwaacha wachokane. Yeye ndiye mkubwa wao, na alijua neno la mwisho litaangukia mapajani pake. Kutomchukua huyo kijana ni kungoja glovu ziishe taratibu. Kumchukua ni kuzimaliza leo kwa matumaini ya kesho. Njia zote mbili zilikuwa na shimo, ila moja shimo lake halijaonekana bado.

"Na aje," akasema. "Kumsikiliza hakutoi damu."

Akaja. Brian Kamau, kijana wa bara, begi mgongoni na viatu vyeupe vilivyokwisha kupata habari za tope la Bofu. Wakamlisha kwanza, mahamri na mbaazi za nazi, maana mgeni haulizwi na njaa yake.

"Asante mama. Hii chakula ni tamu sana," akasema Brian, na Rashad akafumba macho kama aliyechomwa sindano.

"Hiki," akanong'ona Rashad. "Chakula *hiki*."

"Mwache ale, mzee," Gladys akamwambia. "Kwani atawaandikia wafadhili wa Lamu?"

Rashad akakohoa, akaingia kwenye shughuli. "Na fungu lako, bwana mdogo? Pesa zikitoka utakata kiasi gani?"

"Sikati kitu, mzee. Hiyo haikubaliki, hata wafadhili wenyewe hawaitaki. Mnanilipa kazi ya kuandika. Tukipata, tukikosa, ni hiyo tu."

Wakatazamana. Watu hawa wamezaliwa katikati ya madalali. Akikuuzia mtu kiwanja, mbuzi au mchumba, hula katika kilichopatikana, na hilo ndilo linalokupa imani kwamba atahangaika. Asiyetaka fungu, ama hakiamini anachokiuza ama ana lake.

"Dalali asiyetaka udalali," Gladys akamwambia Mwanarehema sikioni. "Huyo ajua tutakosa."

Brian alisikia. "Siwezi kuwadanganya, mama. Mnaweza kukosa. Wengi hukosa." Akajifuta vidole. "Mna rekodi ya wale mmewasaidia?"

"Vichwani," akasema Mwanarehema.

"Picha?"

"A'udhubillahi."

"Barua ya familia yoyote ikisema mliwahi kufika kwao?"

Brian akalirudisha hamri sahanini. Hakuwa na dharau usoni, na hilo ndilo lililomuuma Mwanarehema zaidi. Angalikuwa na dharau wangalimfukuza wakalala raha.

"Mmefanya kazi miaka yote hii mkifuta nyayo zenu," akasema. "Mimi nawaelewa, lakini mfadhili hapei mtu asiyeonekana. Basi nipelekeni nyumba moja tu. Mtu mmoja. Nimwone, aniambie mwenyewe, nimwandike. Bila hiyo nitawaandikia maneno matupu, na sitaki kula pesa zenu za glovu bure."

Mwanarehema akazipitia nyumba moja moja moyoni, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Yule mwalimu wa madrasa ambaye haja zake humtoka bila kujua, na wanafunzi wake wangali wakimwita ustadhi dirishani? La. Yule bibi ambaye wanawe wamewaambia watu yuko Jomvu Kuu kwa ndugu? La. Mzee Lewa? Lewa alikuwa wa mwisho kufikirika. Vijana wa ukoo wake, huko bara ya Kilifi, walimwita mchawi kwa sababu ya mvi zake, wakamkata panga la uti wa mgongo, wakamwacha wakidhani amekufa. Mwanawe, Mwarandu, akamtorosha akamficha Bofu, akawaambia majirani kwamba anayekohoa mle ndani ni baba ya mkewe. Waliomkata hawajashikwa hadi leo. Nyumba hiyo haina mlango wa kufunguliwa na yeyote.

"Ipo nyumba," akasema Mwanarehema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Ni yangu."

"Yako?" Rashad akauliza. "Marehemu mumeo ashazikwa zamani, dada. Kwako kuna mgonjwa gani?"

"Ummi."

"Ummi yuko Saudia."

"Hayuko, ndugu yangu. Yuko chumba cha uani. Yuwalala chali mwaka wa nne huu."

Gladys akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama! Mimi hula kwako! Nimekaa hapo uani nikachambua mchele!"

"Ndiyo."

Kila mwezi wa Ramadhani Rashad alikuwa akimpa Mwanarehema salamu amfikishie Ummi huko Arabuni, na akimwagiza kichupa cha mafuta ya udi. Na kila mwaka Mwanarehema akimjibu kwamba mtoto amepokea salamu, ila tajiri wake ni mgumu wa ruhusa.

Ummi aliondoka mzima, na picha zake za uwanja wa ndege zilizunguka mtaa mzima. Alirudishwa kwa gari la kukodi, kafunikwa, miguu haina habari naye, na mama yake akawaambia majirani kwamba ni shangazi mgonjwa amekuja kutibiwa. Baada ya muda akawaambia shangazi amerudi kwao. Wasichana wenzake Ummi walikuwa wakirudi na masanduku na mazulia. Mwanarehema hakuweza kuistahimili sauti ya mtaa ikisema, na wa kwako alileta nini? Akajifunza kumgeuza, kumwosha, kumfunga vidonda, peke yake, mlango umefungwa. Kisha kazi ile aliyojifunzia gizani akawapelekea wengine. Ndivyo Sitara ilivyozaliwa, na watu walidhani chanzo ni maradhi ya marehemu mumewe.

Alasiri ile akaketi kando ya kitanda, akamweleza bintiye. Alitarajia machozi. Alikuwa amejiandaa kuyakubali machozi hayo na kumwambia Brian basi tena, yaishe.

"Aje," akasema Ummi.

"Fikiri kwanza, mwanangu. Likishatoka halirudi."

"Nifikiri nini? Mimi sikuomba kufichwa, mama. Ni wewe uliyeona haya."

Mwanarehema akajishughulisha na shuka.

Brian akaja kesho yake, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaketi sakafuni ili asiwe juu ya mgonjwa. Ummi akasema naye kama ambaye kwa miaka amekosa pa kumwaga. Alimweleza kazi, jiko, watoto wa tajiri, pasipoti iliyofungiwa kabatini. Mama yake alikuwa akisikiliza kwa sikio moja, maana hayo ameyajua, hata walipofika kwenye lile la kuanguka.

"Uliteleza ukianika pazia," Brian akasema, akiangalia alichokwisha andika. "Mama ndivyo alivyoniambia."

"Sikuteleza. Nilifunga shuka kwenye chuma cha dirisha nikashuka. Shuka ndiyo iliyoteleza." Akageuza shingo, kitu pekee alichoweza kugeuza bila msaada, akamtazama mama yake. "Nilikuwa nikitoroka, mama. Wewe uliniambia nivumilie hata mkataba uishe. Nilikupigia siku tatu kabla. Wakumbuka?"

Alikumbuka. Alikuwa amemwambia, vumilia, mvumilivu hula mbivu. Akatoka uani akaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kikundi kikakata shauri. Rashad alisema ndiyo. Gladys akasema, "Mama ametoa mwanawe. Mimi nani nizuie glovu?" Fungu lao la mwisho likaenda kwa Brian, na Brian akaifanya kazi yake kwa haki. Aliandika wiki nzima, akauliza, akarudi, akafuta. Hakuna aliyeweza kusema aliwala pesa. Siku aliyowatafsiria alichoandika, Rashad alitoa kitambaa, akasema ana mafua.

Jibu likaja: wamepita hatua ya kwanza. Wakaguzi watakuja kuona.

Hapo Mwanarehema angalisimama akafikiri. Angaliomba wakaguzi waje kwa miguu, wawili wawili, na kapu. Lakini furaha humtia mtu upofu kuliko huzuni, na mtu aliyezoea kukataliwa hasemi "ngojeni kwanza" siku anayokubaliwa. Wakaja kwa gari kubwa jeupe lenye maandishi ubavuni, mwanamke mmoja mwenye heshima zake na mpiga picha. Gari halikuweza kupita kichochoro, likasimama mdomoni pake, likaziba njia ya wachota maji. Mtaa mzima ukawa na haja ya kupita hapo.

Mlango wa chumba cha uani ukafunguliwa mchana mbele ya watu, kwa mara ya kwanza. Ummi akasema na wageni, akacheka hata. Nyuma ya mpiga picha, juu ya ukuta wa uani, vichwa vilikuwa vimepangwa kama matikiti sokoni.

"Si Ummi huyo?" akasema Mastura, jirani wa ukuta mmoja, bila kujali kushusha sauti. "Ya Rabbi! Ndiyo maana hata kanzu hakututumia!"

Mwanamke wa mfuko alipokwisha, akamshika Mwanarehema mkono. "Mama, pole, na hongera. Sasa tupeleke kwa wengine. Nyumba nne tano zatutosha. Hatupigi picha wakikataa."

"Nipeni siku chache niwaombe ruhusa," akasema Mwanarehema.

"Wiki moja, mama. Zaidi ya hapo mimi siwezi."

Kesho yake akatoka na mkoba wake. Kwa ustadhi, mkewe alimpokea barazani, akamwekea kiti barazani, akamletea kahawa barazani. "Ustadhi hajambo sana siku hizi, alhamdulillahi. Usijisumbue tena, dada." Ndani alikuwa akisikika akiita maji. Kwa yule bibi aliyesemekana yuko Jomvu Kuu, mjukuu alisema bibi kweli amepelekwa Jomvu Kuu. Nyumba ya tatu walimwambia wamepata daktari. Ya nne hawakuwa na daktari wala neno. Mtu alimtazama dirishani, pazia likaanguka.

Hakuna aliyemtukana. Laiti wangalimtukana. Wote walimpa salamu kamili, wakamuuliza hali ya Ummi, wakamwombea shifaa, na wote walikuwa wakimwuliza swali moja kwa macho: ikiwa wa tumbo lako umemwanika mbele ya kamera, wangu utamwacha? Aliwajibu moyoni njia nzima. Nimemtoa wangu ili nisiwatoe ninyi. Lakini jambo hilo halisemeki mlangoni pa mtu. Ukilisema, linakuwa deni unalomdai.

Gladys naye alirudi na kapu lake limejaa. "Leo wamenunua mchicha," akasema. "Wameulipia mlangoni, mama. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kununua huu mchicha."

Rashad akampigia Brian, wakamwomba aseme na wale wakubwa, waongeze muda. Brian akasema nao. Siku ya mwisho akaja mwenyewe hadi Bofu, jambo ambalo hakulazimika.

"Wameipenda sana kazi ya mama," akasema. "Lakini wanasema waliona mgonjwa mmoja tu, na ni mtoto wa mwenyekiti. Kwa karatasi zao hiyo inaonekana vibaya. Inaonekana kama mama ameomba pesa za kumtibu mtoto wake." Akaivuta kamba ya begi lake. "Nimejaribu, wallahi."

Gladys alimtazama kwa neno hilo geni mdomoni mwake, na safari hii hakucheka.

"Ningefaa kuwaambia hamko tayari," akasema Brian. "Niliona. Nikadhani nyumba moja itatosha."

"Sote tulidhani," akasema Rashad. Akachukua vikombe, akavipeleka nyuma, akakawia huko.

Gladys alianza kazi ya kufua mashuka hotelini mwanzo wa mwezi. Chumba cha nyuma ya duka Rashad akakijaza mafuta ya taa na magunia ya unga. Ummi ndiye pekee aliyepata kitu: wageni. Walikuja wakimletea maembe na maneno, wakimtazama miguu wakidhani hawaoni, na yeye aliwapokea wote. Chumba hakifungwi tena. Mwanarehema alipomgeuza jioni walisemezana kuhusu hali ya hewa na bei ya sukari, na lile la shuka na dirisha likakaa baina yao kama mtu wa tatu asiyeaga.

Zilikuwa zimemsalia glovu chache na kipande cha bendeji. Asubuhi moja akavichukua akaenda kwa mzee Lewa, nyumba ambayo hakuwa amethubutu kuikanyaga tangu siku ya gari. Akabisha hodi. Akabisha tena. Nyayo zikaja hadi nyuma ya mlango, zikasimama.

"Nani?"

"Mimi, Sidi, mwanangu. Mwanarehema."

Sidi, mke wa Mwarandu, alikawia kujibu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kumtazama mzee."

"Mzee hayuko, mama."

Kikohozi kikatoka ndani, kile kikavu cha Lewa, kikafuatwa na mguno mrefu wa mtu aliyelalia upande mmoja kupita kiasi. Wote wawili walikisikia, na wote wawili wakangoja kikome.

"Mwarandu asema tuhame," akasema Sidi. Sauti yake ilikuwa karibu sana na ubao. "Asema gari lile likija tena hapa, walioko kwao watajua. Nisamehe, mama. Mimi sina la kusema."

"Huna kosa."

"Haya, mama. Nenda salama."

Lakini nyayo hazikuondoka, wala Mwanarehema hakuondoka. Akatazama kichochoro huku na huku. Akausogeza mdomo kwenye mwanya wa mlango.

"Nisikilize basi. Usimwache upande mmoja. Ukimpa chai ya asubuhi mgeuze, ukipika mgeuze, ukilala mgeuze. Usimvute mkono, utamtegua. Shika shuka aliyolalia, mvute na shuka. Tia mto baina ya magoti. Kidonda cha mgongoni kioshe kwa maji yaliyochemka yakapoa, tia chumvi kidogo, usitie majivu, hata wakikwambia vipi usitie majivu. Ukiona nyama imekuwa nyeusi..."

Akasita. Ikiwa nyeusi, hakukuwa na la kumwambia ila ampeleke hospitali, na hospitali huuliza mtu jina lake na kwao.

"Sidi?"

Ndani mtu alifungua redio, ikapanda sauti.

Akaziweka glovu na bendeji kizingitini, akaona zaonekana na wapita njia, akaziokota akazirudisha mkobani. Kisha akazipitisha moja moja chini ya mlango, akizisukuma kwa kidole. Ya mwisho ilikwama nusu. Akangoja kuona kama itavutwa.